Maji Yanakokwenda

Kaka alifika jioni akivuta begi kubwa la magurudumu, tupu kabisa. Lilikuwa la kubebea vitu vya mdogo wake kurudi nyumbani. Mahafali yalikuwa yamepita, mama alishapaka rangi chumba cha binti, na mjomba alishamtafutia kazi katika ofisi ya karibu na kwao. Kila mtu alijua binti anarudi. Binti mwenyewe ndiye aliyekuwa hajui, maana idara ya maji ya jimbo hili alikosomea, ile iliyompa mafunzo ya kazi, ilitaka abaki, nayo ilisubiri jibu kesho kabla ya ofisi kufungwa. Hakuwahi kumwambia mtu hapana tangu azaliwe.

"Kuna kijana," kaka alisema akivua viatu. "Mwambie ajitokeze tu, mimi sing'ati."

Binti akakana. Kaka akacheka. Asubuhi akamfuata kazini, eti ananyoosha miguu, kumbe anampima kila mwanamume waliyekutana naye, hata msimamizi, mzee mwenye wajukuu, aliyewasalimia na kumwita binti Sikio.

Jina hilo alilipata kwa kazi yake. Katika mtaa wa maseremala maji yaliingia mengi kwenye bomba na kuwafikia wateja machache, na juu ya ardhi hapakuwa na hata tone. Tangu aanze mafunzo alikuwa akiyatafuta kwa fimbo ya chuma ya kusikilizia bomba, yenye kikombe cha mbao juu. Aliisimamisha kwenye vali, kifungio cha bomba chini ya mfuniko wa barabarani, akainama, akaweka sikio. Kaka akatazama huku na huku, aibu imemjaa.

"Unamsikiliza nani humo, mdogo wangu?"

Akampa fimbo asikilize mwenyewe. Kaka alisikia misumeno ya umeme tu. Basi yule binti ambaye nyumbani hata chumvi huona haya kuiomba mezani, akaingia karakana moja baada ya nyingine akiwaomba mafundi wazime mashine kidogo. Mmoja alimtania, akauliza kama mgonjwa wao bado hajapona. Wakazima. Kaka akainama tena, na safari hii hakuinuka upesi.

"Kama mtu anabembeleza mtoto," alinong'ona. "Shhh, shhh, kwenye chumba cha pili."

Kuanzia hapo fimbo akaishika yeye. Walikwenda vali kwa vali, wakibishana wapi sauti imezidi. Iliongezeka mpaka kwenye kona ya duka la rangi, halafu ikapotea kabisa.

"Yanakwenda wapi sasa?"

"Sijui," binti alisema. Huenda kulikuwa na bomba la zamani lisiloonekana kwenye ramani yoyote. Alipiga magoti, akafuta vumbi kwenye mfuniko wa vali ingawa haukuhitaji kufutwa, na bila kuinua uso akasema, "Kaka, mimi nataka kubaki."

"Kwa ajili ya bomba?"

"Nataka kujua. Kwenye ofisi aliyonitafutia mjomba nitakuwa nagonga mihuri tu."

Kaka aliketi ukingoni mwa barabara. Hakukasirika. Alisema tu kwamba mama atalia, na atakayekuwa ndani ya nyumba hiyo akimsikia ni yeye, si Sikio. Ilikuwa kweli, na ikamchoma binti. Alitamani kusema basi, yaishe, twende. Akayameza maneno hayo, akaendelea kufuta mfuniko.

Mwishowe kaka akatoa simu. "Mwambie wewe, nikiwa hapa. Mimi sirudi na maneno yako mdomoni."

Binti akapiga. Alisema yote kwa pumzi moja. Mama akauliza nani atamtunza akiugua, kisha huyo mwanamume ni nani. Akajibu kwamba hakuna mwanamume, kuna maji yamepotea. Mama akasikika akipenga kamasi, akaomba apewe kaka.

Kaka alisikiliza muda mrefu akijikuna shingo.

"Ndiyo, mama. Hapana, mama, nimeyasikia kwa masikio yangu. Yanafika kwenye kona yanapotea… Sijui, mama, ndiyo tunatafuta." Akaziba simu kwa kiganja. "Anauliza kama mmeangalia ng'ambo ya barabara."

"Tumeangalia," alisema, akipangusa macho kwa mkono wenye vumbi. "Mwambie tutaangalia tena."

Kisha akaenda ofisini kutoa jibu.