Mkebe Uliooshwa

Vumbi la unga lilielea kwenye mwanga wa dirisha la jikoni, likapanda, likashuka, likatua juu ya mikono ya mama aliyekuwa akikanda kimya kimya. Unga, siagi, sukari, tangawizi. Biskuti arobaini, mkebe mmoja, kamba iliyofungwa mara mbili, na juu yake jina la mwanawe askari, aliyekuwa mbali, mahali ambapo jeshi lilikataa hata kupataja.

Mkebe ulikwenda mzito, ukarudi mwepesi. Ndani yake kila safari palikuwa na kipande cha karatasi, kwa mwandiko ule wa kulala upande: Nimekula zote, mama. Zilikuwa tamu. Tuma nyingine.

Na chembe. Chembe kwenye kona, alama za vidole vyenye mafuta kwenye kifuniko. Maana mtoto huyo, Mungu amsamehe, hakupata kuosha chombo tangu azaliwe. Sahani zake zilikutwa chini ya kitanda. Mama aligomba mpaka akachoka, na sasa alizikusanya zile chembe kiganjani, akazila.

Kisha safari moja mkebe ulirudi umeoshwa.

Umesuguliwa, umekaushwa, hata kwenye mkunjo wa kifuniko hamna kitu. Ulinuka sabuni. Karatasi ilikuwemo. Nimekula zote, mama. Zilikuwa tamu. Tuma nyingine.

"Jeshini wanafundishwa usafi," alisema binti yake, akiigeuza karatasi. "Na mwandiko si wake huu? Unataka nini tena, mama?"

Mwili ulimsisimka mama kuanzia kisogoni. Aliuweka mkebe mezani, na mchana kutwa hakupenda kuupa mgongo.

Safari ya pili, safi. Ya tatu, safi. Nyumba ikaanza kumsikiliza. Akifungua oveni, alihisi kuna mtu mlangoni anangoja, mwenye adabu, asiyekohoa, asiye mwanawe. Wewe mkebe uliyekwenda na kurudi, wewe uliyeshikwa na mikono yake, sema, nani anakula? Mkebe uling'aa tu, na ndani yake uso wa mama ulimtazama, umepinda.

Jeshi halikuwa limeleta habari, mbaya wala nzuri. Angeweza kuandika makao makuu akauliza. Hakuandika. Ukiuliza utajibiwa, na maadamu hajajibiwa, mwanawe alikuwa hai nusu, na nusu hiyo aliishikilia kwa kucha na meno.

Safari ya nne, palipotakiwa sukari, alitia chumvi. Vikombe viwili, vimejaa. Alionja, akatema. Mwanawe, aliyekuwa akisusa mchuzi kwa chumvi iliyozidi kidogo tu, angejaza karatasi nzima kwa malalamiko. Angeuliza kama mama ameshazeeka.

"Lalamika," alinong'ona akifunga kamba. "Lalamika tu, mwanangu."

"Mama Biskuti," karani wa posta alimtania akipima mzigo, "na mimi zangu lini?"

"Hizi huziwezi," alijibu, akamhesabia pesa.

Mkebe ukarudi. Safi. Mkavu. Sabuni. Alisimama nao jikoni, hajavua hata viatu, akaikunjua karatasi.

Nimekula zote, mama. Zilikuwa tamu. Tuma nyingine.

Alizitoa karatasi zote kabatini, akazipanga mezani. Zile nne za mwisho zilichanwa kutoka daftari moja, kwa wino mmoja, na ukingo wa hii uliingiana na ukingo wa ile. Zote ziliandikwa siku moja. Kijana aliyejua kwamba huenda asirudi alikaa mahali akaziandika, akamwachia mwenzake azitume moja moja.

Mama alikaa sakafuni akamlilia mwanawe kwa sauti, mpaka binti yake akaja mbio. Alilia siku hiyo na siku iliyofuata, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Siku ya tatu alinawa uso, akawasha oveni. Binti yake alisimama mlangoni, macho yamevimba, akamuuliza sasa anampikia nani.

"Kuna mtoto wa mtu huko," alisema, "amekula biskuti arobaini za chumvi, na chombo akaosha."

Akapima sukari, akaongeza kikombe kingine. Zilipopoa alizipanga mkebeni, akachukua kalamu, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeandika karatasi: Nisamehe, mwanangu. Hizi ni tamu kweli.