Nilikuwa Namzunguka Mwanangu

Jumamosi asubuhi nilimlaza mwanangu wa miezi saba kwenye blanketi jekundu, chini ya turubai la klabu yetu ya urubani, nikaanza kumweleza wifi yangu habari za chupa na nepi kwa mara ya tatu.

"Nenda, wifi," akanikatiza. "Hata mtoto mwenyewe keshachoka na hotuba yako."

Nilikuwa na wikendi hiyo tu. Tangu nijifungue sikuwa nimegusa ndege, na mwalimu alishaniambia: Jumapili ikiisha sijaruka peke yangu na kukaa juu nusu saa, naanza masomo upya. Kuanza upya na mtoto mgongoni? Ningeacha kabisa.

Ndege zetu hazina injini. Mashine iliyo mwisho wa uwanja huvuta kamba, ndege ikapanda kama kishada, kamba ikaachia, halafu kimya. Kinachokubeba baada ya hapo ni hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Ukiipata, unazunguka ndani yake, unapanda nayo.

Mwalimu alikaa siti ya nyuma. Nilizunguka vizuri, mviringo safi kabisa, lakini kila mzunguko tulishuka. Dakika sita, tukawa chini. Mara ya pili, sita. Mara ya tatu, tano.

"Mama, unajua unazunguka nini?" aliniuliza tukiisukuma ndege kurudi kwenye mstari.

"Hewa, mwalimu."

"Blanketi jekundu! Mara zote tatu umemweka mtoto katikati. Hewa haiko pale, iko kule kwenye shamba lililolimwa."

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Jumapili siti ya nyuma ilikuwa tupu, mikanda yake imefungwa. Bila uzito wa mwalimu, ndege ilipaa upesi. Kamba ikaachia. Shingo ilitaka kugeuka kushoto, kwenye turubai, nikaikatalia. Nikaelekea shambani, roho juu juu kama mtu aliyeacha jiko linawaka.

Kisha bawa la kulia likainuliwa taratibu, kama mtu anayekuamsha kwa upole. Nikageukia huko. Kipimo cha hewa inayopanda kikaanza kulia, ti-ti-ti. Mabati ya klabu yakawa punje, halafu sikuyaona tena, wala sikuyatafuta. Harufu ya udongo uliolimwa ilinifuata mpaka huko juu. Mwewe akaja, tukazunguka pamoja. Yeye hapigi bawa, mimi nashika usukani kwa vidole viwili. Nilikuwa mwepesi kama kabla sijawa mama wa mtu, na bado nilikuwa mama wa mtu.

Dakika arobaini na moja.

"Alilia?" nilimuuliza wifi nilipotua, kabla hata sijavua kofia.

"Alie kwa nini? Kala, kalala, kaamka, kanitemea maziwa. Hakukuulizia, pole."

Iliniuma kidogo, ikapita. Mwalimu akanipa mkono, akaandika kwenye daftari langu la safari.

"Wiki ijayo, saa nzima," alisema.

Nikamnyonyesha mwanangu, kichwa kikiwa bado kinazunguka polepole. Aliposhiba nikamrudisha kwa wifi, bila maelezo yoyote, nikaenda kwa mwenzangu aliyekuwa anasubiri zamu ya kuruka, nikamshikia bawa la ndege lisilale chini.