Baiskeli ya Kulalia Chali

Nyumba yangu hapa Bondeni haijawahi kukosa watu. Nilikuwa nikijivunia hilo.

Mutunga ni jirani yangu, mlango kwa mlango, karani wa reli, mtu mpole. Kila mwezi alikuwa akienda Malindi kwa baiskeli na kurudi kesho yake, kwa raha zake tu. Mwaka huu ghafla baiskeli ikawa imeegemea ukutani wiki baada ya wiki. Sikuuliza. Na mimi nisipouliza, ujue nasubiri kuambiwa.

Akaja mwenyewe, akasimama mlangoni pa jiko langu.

"Mama Kenga, naomba unisindikize Ngome ya Yesu. Kuna mtu anauza baiskeli mbili za kulalia chali. Wewe unajua kupatana bei."

"Za kulalia? Umechoka na kitanda?"

Hakucheka. Akaniambia kwamba alipasuliwa tezi dume, na daktari amemkataza kukalia kiti cha baiskeli ya kawaida maisha yake yote. Lakini Desemba alitaka kwenda Voi. "Hili ni langu na lako," akasema.

"Limekwisha kuzikwa," nikamjibu.

Muuzaji alikuwa Morris, anayetembeza wageni pale ngomeni. Watalii wawili walimwachia baiskeli hizo wakarudi kwao kwa ndege. Moja niliiinua kwa mkono mmoja kama kikapu cha mchicha. Iko chini, karibu na lami, mtu analala na miguu inatangulia mbele, pedali zikiwa juu kuliko kiti. Ya pili ni ya chuma, nzito, kiti chake kirefu kama cha sebuleni, na pedali ziko chini.

Mutunga alizijaribu zote. Ile nyepesi ilimchukua kama imekatwa kamba. Aliporudi alikuwa anatabasamu, na meno yake sikuwa nimeyaona tangu Pasaka.

"Hii nikitoka alfajiri, alasiri niko Voi."

"Basi chukua."

Akaiangalia sana. "Nitapitaje barazani kwako, Mama Kenga, nyayo zimewaelekea watu usoni? Wazee niwasalimie nikiwa chini ya magoti yao?"

Alikuwa na haki. Kwetu hupiti baraza hivi hivi. Unasimama, unatoa mkono, unaulizwa hali yako na ya watoto na ya kazini, nawe unauliza, ndipo unaruhusiwa kwenda. Kwenye ile nzito macho yake yalikuwa sawasawa na ya mtu aliyekaa kibarazani.

"Nitachukua hii ya chuma," akasema. "Voi nitalala njiani. Watanicheka, lakini nimejiandaa."

Morris akamruhusu aijaribu nyumbani hadi Jumatatu.

Jumamosi alasiri nyumba ilikuwa imejaa, mbaazi na mahamri mezani, Mutunga akapita kwenye ile baiskeli.

"Jamani, mwanamume amechoka mpaka anaendesha amelala," akasema Truphosa, mmoja wa wageni wangu wa kila siku. "Bado mto na chandarua."

"Mwambieni asikorome," akadakia Priscah, mwenzake, "tuktuk zitampita."

Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaona vibaya, nikataka kumtetea.

"Msimcheke. Mnajua alipasuliwa nini?"

Vikombe vikasimama hewani. Mungu anajua nilianza kwa huruma. Lakini nilipoona shingo zote zimenielekea, nikaendelea. Nikataja tezi. Nikataja aliyokatazwa na daktari. Kisha nikaeleza hata ya chumbani kwake, ambayo Mutunga hakuniambia wala mimi siyajui.

Jumapili alipotoka kanisani alipita polepole, akasimama barazani kama desturi yake, akatoa mkono. Hakuna aliyecheka.

"Pole, Mutunga."

"Pole sana, ndugu yetu. Mungu atakurudishia nguvu zako."

Mzee mmoja akaushika mkono wake asiuachie. Truphosa akatoka mbio ndani kwangu na mto wa kiti changu, akampa aukalie. Mutunga akaupokea, akasema asante, akauweka mapajani. Ndipo akainua macho akanitafuta. Nilikuwa kwenye ngazi na birika mkononi. Nikatazama birika.

Jumatatu alimrudishia Morris ile ya chuma, akaja na nyepesi. Nilimngoja barabarani ili asiweze kunikwepa.

"Umebadilisha," nikasema.

"Nimebadilisha."

"Si ulisema ile nyingine ndiyo ya kusalimia watu?"

"Kuchekwa nilijiandaa, Mama Kenga." Aliisema taratibu, na bado akaniita kwa heshima. Afadhali angenitukana.

"Niwie radhi, Mutunga."

"Nimekusikia."

Hakusema amenisamehe. Umri huu nilio nao, najua tofauti.

Akalala kitini, akainua miguu, akaenda. Wazee wa barazani walimwona anakuja, wakainua mikono, mmoja akaanza, "Habari za..." Nyayo zikawapita usoni, kisha mgongo, kisha hakuna mtu. Mutunga, ambaye kwa miaka yote hii hakuwahi kupita baraza bila kusimama.

"Anakimbilia wapi huyu?" akauliza Truphosa kutoka mlangoni kwangu.

Wote wakanigeukia mimi, kama kawaida, wakingoja.

"Sijui," nikasema, na wakaniamini.