Mbuzi wa Kupeleka Bura

Mbinya alipotangaza kwamba mwaka huu anataka kwenda mapumziko, wanawake wa Ikutha walidhani anaumwa. Mke wa mtu, mwenye shamba na ng'ombe, apumzike kwa kosa gani? Mapumziko yalikuwa mambo ya Bwana DC, ambaye alipanda meli kila baada ya muda akaenda kwao Ulaya, na hata yeye alirudi mwekundu kuliko alivyoondoka.

"Si kwenda kulala," Mbinya akawaeleza pale mtoni walipokuwa wakifukua mchanga kutafuta maji. "Nataka kwenda Bura. Mwezi wa nane, sikukuu ya Bikira Maria, watu wanapanda ule mlima kwa nyimbo kutoka kila upande. Na mimi nipande."

Wale wanawake walitazamana. Bura iko milimani huko Utaita, mbele ya Voi, mahali ambapo mapadri walijenga kanisa la mawe na mawingu huingia ndani ya nyumba za watu bila kupiga hodi. Ikutha nzima ilikuwa ya Waprotestanti, isipokuwa Mbinya peke yake. Jumapili alikwenda kanisani na mumewe kama kila mtu na kuimba kwa sauti ya kuwashinda wote. Kisha, sala ikiisha, alifanya ishara ya msalaba haraka haraka, nao wenzake wakajifanya wanafunga leso. Walimpenda, na mtu unayempenda humhesabii kila kitu.

Ukatoliki wake aliupata kwa njaa. Ile njaa kubwa ya wakati reli inajengwa ilipowakausha Wakamba, mama yake alimbeba mgongoni, akavuka mto Athi, akafuata reli hadi Utaita. Mapadri wa Bura waliwapokea. Mtoto akanywa uji akapona, mama hakupona. Alikuwa amemaliza nguvu zake zote njiani, akazikwa upande wa juu wa kanisa. Mbinya akalelewa pale, akabatizwa pale, hadi mjomba wake alipokuja kumchukua, sasa amekuwa msichana wa kuolewa. Tangu hapo hakurudi. Kila mwaka alisema mwakani, na mwakani akapata mimba, au mvua ikakataa, au ikanyesha kupita kiasi.

Sasa goti lake lilikuwa limeanza kumsemesha. Halafu kibarua mmoja wa reli akaleta salamu kutoka Bura: yule mzee aliyechimba kaburi la mama yake angali hai, ila amechoka sana, na hakuna mwingine anayejua ni lipi. Kaburi lile halikuwa na jiwe wala msalaba. Mzee akienda, mama naye atapotea mara ya pili. Mbinya aliposikia hivyo aliweka mtungi chini akalia, kisha akajifuta macho akaanza kupanga safari.

Kupanga kulikuwa kutamu, na hilo hakulificha. Alichagua kiondo, akakikataa, akakichagua tena. Aliimba nyimbo za Bikira Maria akitwanga mahindi ya muthokoi. Kila aliyepita alielezwa juu ya ukungu wa Bura, hata waliokwisha kuelezwa jana yake.

Tatizo lilikuwa Musembi, mume wake. Musembi alikuwa seremala na mzee wa kanisa. Mabenchi yote ya kanisa la pale aliyatengeneza yeye, na uimara wake ulikuwa wa benchi. Chui aliyeingia zizini alimfukuza kwa nyundo. Kwenye mimbari aliwasema watu waziwazi: hirizi tupa, waganga acha, mila za giza ziende zake. Lakini likitajwa jina la Bura, bwana huyo alitafuta kitu cha kushika, akashika randa, akapiga randa ubao uliokwisha kulainika.

"Mama Mutindi, kule Tsavo kuna simba," alisema. "Watu wameliwa."

Mutindi alikuwa binti yao wa kwanza, ameolewa Kalamba. Mbinya hakubishana. Alikwenda kwa Gabow, Msomali mwenye duka na lori, aliyekuwa akipeleka ngozi kwenye stesheni ya Mtito Andei.

"Mwezi wa nane Athi iko chini, lori linavuka," Gabow akamwambia. "Mtapanda juu ya ngozi. Harufu ni mbaya, lakini simba hapandi lori. Mama, sisi tukipata uwezo tunakwenda Maka. Mtu kwenda hija, mume anakataa nini?"

"Amesema simba."

"Basi mwambie simba ni wa Gabow, nitaongea nao."

Musembi aliposikia habari ya lori alipangusa vumbi la mbao. "Na wazee wa kanisa? Watasema Musembi amekwenda kwa sanamu."

Jumapili ile Mbinya hakungoja. Wazee walipokaa baada ya ibada, aliingia akasimama mbele yao na leso yake mpya. Jonah, mkubwa wao, alimsikiliza akikuna ndevu.

"Mama yako amezikwa huko?"

"Huko huko."

"Nani atamzuia mtoto kwenda kwa mama yake? Nendeni. Lakini fundi, usirudi umetuchongea sanamu." Wazee wote wakacheka, Musembi akacheka nao, na kicheko chake kilikuwa kidogo.

Baada ya hapo alisema mlimani kuna baridi. Mbinya akatafuta blanketi. Akasema ng'ombe. Mutie, jirani, akakubali kuwachunga. Akasema hana shati la kusimama nalo mbele ya watu, na Mbinya akamshonea shati jeupe, akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda ili alione kila akiamka. Penye nia pana njia, na mwanamke huyu njia alizifyeka kwa panga.

Shati likamaliza maneno ya Musembi. Alilitazama, akakaa kwenye kigoda.

"Siendi," alisema. "Nenda na Mwaitu. Mimi nitabaki."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo alivyomwita binti yao wa pili, msichana mrefu mwenye kucheka ovyo. Binti huyo alikuwa bado hajaolewa, naye ndiye aliyekuwa aende Bura na wazazi wake.

Mbinya aliumia. Simba angemsamehe, na baridi pia. Lakini kukataliwa hivi, bila sababu, kulimpa sababu moja tu: kwamba miaka yote hii mume wake alimwonea aibu. Ile ishara ya msalaba aliyodhani mume ameizoea, kumbe aliivumilia tu. Jioni hiyo maharagwe yalipikwa bila chumvi, na kesho yake pia. Musembi alikula kimya, akasema ahsante, na hiyo ahsante ndiyo iliyomuudhi Mbinya zaidi. Alitaka ugomvi akanyimwa.

"Nitakwenda," aliwaambia wanawake mtoni. "Na asiponifuata, nitamwombea huko huko, kwa sauti, na jina lake nitalitaja."

Juma la safari lilipofika, Mbinya alikuwa uani asubuhi akifunga vitu. Musembi alikuwa anatoka karakana yake, amebeba mguu wa meza. Kiondo kikakataa kufungika.

"Nthenya!" Mbinya akamwita binti yao. "Nthenya, niletee kamba!"

Musembi akasimama. Akainamisha macho chini, akatoka kwenye njia, akapita pembeni kando ya ua, mguu wa meza begani. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anayekwepa tope. Na Mbinya, aliyeyaona hayo tangu binti huyo azaliwe, aliyaona kwa mara ya kwanza.

Nthenya lilikuwa jina la mama yake Mbinya. Binti wa pili hupewa jina la bibi yake wa upande wa mama, ndivyo ilivyo, na wao walilitoa wakafurahi. Lakini Musembi hakuwahi kulitamka. Mutindi alimwita Mutindi. Nthenya alimwita Mwaitu, na watu wakasema tazama baba anavyompenda mtoto. Kumbe si hivyo tu. Mwanamume wa Kikamba halitaji jina la mama mkwe wake. Akimwona njiani hupisha, humficha uso, kwa ajili ya nthoni, ile heshima nzito ya ukweni, mpaka siku atakapompelekea mbuzi wake na mama huyo ampokee. Mahari ya Mbinya aliila mjomba. Mbuzi wa mama hakupelekwa popote, kwa sababu mama alikuwa chini ya udongo wa Bura, na watu waliona mambo yamekwisha.

Mbinya akaketi juu ya kiondo akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Baba Mutindi! Kwani unamwogopa mama?"

Musembi akaweka mguu wa meza chini. Alitazama kama kuna mtu wa kanisa karibu.

"Usipige kelele."

"Mzee wa kanisa! Mila za giza ziende zake!"

"Hiyo si mila," Musembi akasema, na uso wake ulikuwa hauna mchezo hata kidogo. "Hiyo ni adabu. Mama alikubeba kutoka hapa mpaka Utaita na tumbo tupu, ili mimi nije nikuoe. Sijawahi kumwambia hata ahsante. Sasa nifike na shati jipya, nisimame juu ya kichwa chake, mikono mitupu? Atasema binti yangu ameolewa na mtu gani? Ukweni hakuendwi hivyo. Nimeona haya, Mama Mutindi. Miaka yote nimeona haya."

Mbinya hakucheka tena. Alimwangalia mume wake, mvi zake na vumbi la mbao nyusini, akajua kwamba hasira yake yote ya juma zima ilikuwa imempata mtu aliyekuwa akimheshimu mama yake kuliko yeye mwenyewe alivyokumbuka kumheshimu. Alisikia aibu na furaha vikimjia pamoja.

"Si useme tu unataka mbuzi?"

"Mtu anamwambia nani jambo kama hilo? Jonah?"

Siku hiyo maharagwe yalirudishiwa chumvi.

Kesho yake wakaenda kwa Gabow. Gabow alidhani ni kazi ya mara moja, kwa sababu zizi lake lilikuwa limejaa. Akaleta mbuzi wa kwanza. Musembi akatazama meno, akatikisa kichwa. Wa pili alikuwa na sikio lililochanika. Wa tatu alilia vibaya, na Musembi akasema huyu atatuaibisha. Wa nne Mbinya mwenyewe alimpenda, lakini Musembi akazunguka mara kadhaa, akapapasa mgongo, akasema amekonda nyuma.

"Wallahi, mzee," Gabow akasema jasho likimtoka, "huyo mama mkwe wako ana macho makali kiasi gani?"

"Hajaniona bado. Ndiyo maana."

Gabow akajifuta jasho. Hilo alilielewa vizuri, maana hata kwao mkwe ni mkwe. Akaenda nyuma ya nyumba akamtoa jike mweupe aliyekuwa amemficha kwa ajili yake mwenyewe, ameshiba, ametulia, na ndevu kama za mzee wa baraza. Musembi akamtazama meno, akapapasa mgongo, akatoa fedha.

Wakasafiri juu ya ngozi, wote wanne ukimhesabu mbuzi, na ni mbuzi peke yake asiyeziba pua. Walivuka Athi maji yakigusa magurudumu tu. Mbinya aliimba njia nzima. Musembi, mzee wa kanisa, alikataa kuimba nyimbo za Bikira Maria hadi walipopita Athi, kisha akaanza kuziitikia kwa sauti ya chini, akisema ni kwa ajili ya kumtuliza mbuzi.

Stesheni ya Mtito Andei ilikuwa na watu wengi na kivuli kidogo. Karani wa mizigo, kijana mwenye kofia ya reli, aliwatazama mmoja mmoja, akaishia kwa mbuzi.

"Huyu hapandi na abiria. Anakaa behewa la nyuma, na lazima nijue wa nani. Mnauza?"

"Hauzwi," Musembi akasema.

"Basi anakwenda kwa nani?"

Mbinya alishtuka. Alijua mume wake hawezi kujibu swali hilo. Akafungua mdomo amsaidie, alitaje jina yeye. Lakini Musembi alikuwa ameshavua kofia. Alijinyoosha ndani ya shati lake jeupe, ambalo sasa lilinuka ngozi, akamtazama yule mbuzi, kisha akatazama upande wa reli inakokwenda.

"Anakwenda kwa Nthenya," alisema. "Mama mkwe wangu. Anakaa Bura."

Alilisema polepole, kama mtu ambaye deni lake sasa liko njiani, kwa sauti yake ya kanisani, ili lisikike hadi huko.

"Atakuja kumpokea stesheni?" karani akauliza.

"Hapana. Yeye ni mtu mzima, hatoki nyumbani. Tunampelekea sisi."

Nyuma yao, binti yao aliyeshika kamba ya mbuzi aliacha kucheka. Tangu azaliwe hakuwahi kulisikia jina hilo katika mdomo wa baba yake. Akasogea karibu, akiwa hana hakika.

"Naam, baba?" akaitika.

Musembi akageuka. Mbinya aliona mume wake akitabasamu.

"Nthenya," alisema tena, na safari hii alikuwa anamwita binti yake. "Mshike vizuri mbuzi wa bibi yako. Garimoshi linakuja."