Ijumaa ya Nakabugo

Nakabugo alimaliza kusugua sufuria za biriani, akavificha viatu vyake vya kutokea nyuma ya mtungi wa gesi. Katika nyumba hii ya mtaa wa Khuwair ya Kusini, ughaibuni, ukionekana umevaa viatu tu, kazi inakuita. Ijumaa kuanzia baada ya chakula cha mchana ilikuwa yake. Na leo dada yake Nabukalu, mfanyakazi wa ndani kule mtaa wa Wattaya, alikuwa anarudi Uganda moja kwa moja. Mama yao alifariki wakati wa Ramadhani, na tangu hapo walikuwa hawajaonana. Kila mmoja alimlilia mama chooni kwa tajiri wake. Leo walipanga walie pamoja, kanisani, kabla Nabukalu hajapelekwa uwanja wa ndege.

"Nakabugo, njoo kidogo," aliita Khawla, binti wa nyumba. Na kidogo ya tajiri, jamani, tunaijua.

Khawla alikuwa akisomea sanaa chuoni. Kwenye kiwanja kitupu nyuma ya nyumba alikuwa keshamwaga mabua ya ngano, na wasichana wawili wa kazi kutoka kwa jirani walikuwa wamesimama, wamefungwa vitambaa kichwani. Akaonyesha mchoro kwenye simu: wanawake watatu wa Ufaransa ya zamani wameinama shambani, wanaokota masuke yaliyosazwa na wavunaji.

"Matajiri walikasirika walipouona," alisema Khawla. "Hawakuzowea kuona masikini kachorwa kwa heshima hivi. Na walichookota kikiwa chao, sheria ikiwaruhusu. Mie nataka nipige picha kama hii, watu waone na huku kwetu. Nnawasemea nyinyi."

"Asante, madam. Lakini dada yangu anasafiri leo, ndiyo nilikuwa natoka."

"Dakika mbili tu, habibti."

Khawla akamfunga naye kitambaa kichwani, wakainama. Mchanga ulikuwa wa moto, unapenya kwenye ndala. Khawla akapiga, akatazama, akaguna. "Jua kali mno. Mwanga wa kwenye mchoro ni wa jioni. Tungoje."

Wakangoja. Simu ya Nakabugo ikaita. "Uko wapi?" aliuliza Nabukalu. "Boss ameshafika hapa kanisani na gari. Ananipigia honi."

"Madam, naomba niende."

"Ukenda, watabaki wawili, na mimi kazi naiwasilisha kesho. Subiri kidogo."

Angeweza kuondoka tu, lakini aliyetoka bila ruhusa huenda akaandikishwa polisi kuwa mtoro, na hata ale yamini, hakuna wa kumwamini. Akabaki.

Jua liliposhuka, Khawla alipiga picha mpaka akaridhika. "Basi, nimemaliza. Sasa nenda kwa dada yako."

"Ameshaondoka." Nakabugo alinyoosha mgongo. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Wale wa kwenye mchoro waliachiwa masazo. Masazo yangu mimi ni Ijumaa, na hayo umeyaokota wewe."

Machozi yalimlengalenga Khawla kweli. Si kwamba hana moyo. Kisha akafungua simu yake.

"Rudia, Nakabugo, taratibu. Ntayaandika hayo maneno chini ya picha."

Nakabugo alifungua kile kitambaa kichwani, akamrudishia mkononi.

"Nimesahau," akasema, akaenda jikoni.