Mafuta ya Cherehani

Mpaka saa nne asubuhi gari lilikuwa halijawaka, na mimi presha ilikuwa imenipanda hadi utosini.

"Sindano, niachie mimi," nikamwambia mume wangu. "Humu ndani fundi umeme wa magari ni mimi. Wewe ni fundi cherehani."

"Usiguse! Baba kasema nimfuate mimi."

Baba yake, dereva mstaafu, alikuwa anatoka hospitali saa sita. Jana yake alikuwa amegoma kitandani: gari la kukodi hapandi, aje mwanawe, na gari lake yeye mzee. Gari lenyewe limetuzidi umri sote wawili, na tangu utoto Sindano hakuwahi kuruhusiwa hata kugusa usukani wake. Kuaminiwa na baba yake ilikuwa ndiyo mara ya kwanza, na alikuwa tayari kufia pale uani kuliko kushindwa. Ndiyo maana nilikuwa nimekaa kimya. Lakini jamani, hata kimya kina mwisho wake.

Akazungusha ufunguo. Ngri-ngri-ngri, injini inazunguka, haiwaki. Akaazima betri ya jirani. Ngri-ngri-ngri. Akabadilisha plagi zote. Wapi! Akaanza kuilaumu koili ya kuzalisha cheche, akaifungua, akaweka nyingine, huku harufu ya petroli imejaa uani na mikono imemchubuka.

"Chomoa waya wa plagi, tuone kama kuna cheche," nikasema.

Hakukuwa na cheche.

"Distribyuta, ile inayogawa umeme kwenye plagi, umeifungua?"

"Jana. Nimeisafisha vizuri, nikaitia mafuta."

"Umeitia nini?"

"Mafuta ya cherehani. Kuna vidomo viwili mle ndani vinagongana vikavu, nikavionea huruma."

Mungu wangu! Vidomo vile vikigusana na kuachana ndipo plagi inapata cheche, na vinatakiwa viwe vikavu kau. Lakini utamwambia nini mtu aliyeshinda na cherehani maisha yake yote? Kwake yeye, chuma kikigusa chuma ni mafuta tu. Mkasi, bawaba, kufuli la stoo, vyote vinateleza.

"Unalala kitanda kimoja na fundi umeme," nikafoka, "ukashindwa hata kuniuliza?"

Akakaa kwenye ngazi. "Nilitaka niseme nimeliwasha mwenyewe. Basi." Akajifuta uso kwa mkono mchafu. "Haya, fanya wewe. Nimeshindwa."

Hasira zikaniishia, nikabaki na huruma, nayo ikaniudhi zaidi. Nikavifuta vidomo kwa kitambaa na petroli, nikavipitisha msasa laini, nikafunika. "Washa." Likanguruma. Wala hakufurahi.

Tulimkuta mzee mlangoni mwa hospitali kwenye kiti cha magurudumu, kakonda, shuka mapajani. Akalisikiliza gari lake kwanza, sisi hata salamu hatujapewa.

"Nani kaliwasha?"

"Mwanao," nikadakia haraka.

"Si kweli, Baba," Sindano akasema. "Mimi nililiharibu. Kaliwasha huyu."

Mzee akamgeukia mwanawe. "Nilijua litakushinda," akasema.

Jamani! Nikafungua mdomo nimpe ukweli wake, mkwe au si mkwe, leo angenisikia. Lakini akaniwahi.

"Hata mimi lilikuwa limeshanishinda kabla sijaugua. Gari lilikuwa kisingizio, mwanangu. Ningesema nakutaka wewe, ningeanzia wapi? Sijawahi." Akakohoa. "Mpe mkeo ufunguo aendeshe. Wewe kaa nyuma na mimi unishike, mgongo wangu hauna nguvu."

Sindano akamnyanyua, akaingia naye kiti cha nyuma, akamkumbatia kwa mikono miwili akasahau hata mlango. Nikazunguka nikaufunga mimi.