Hiyo Kamba Ifungwe kwenye Nyumba

Nawaandikia nyie wenye watoto wanaotaka kuzunguka nchi kwa nyumba ya magurudumu, ile inayoendeshwa kama basi, huku wakikokota gari dogo nyuma. Someni kabla hawajaondoka.

Binti yangu Corinne na mumewe Dwight walikuja kambini kwetu, panapoegeshwa nyumba kama hizo, hapa Arizona mwezi wa pili, pamoja na mjukuu wangu wa miezi saba. Jumamosi walikuwa washuke mlima kwenda kwa wazazi wa Dwight, mteremko wa maili kumi na mbili. Gari lao lilifaa, maana kitabu chake kinaruhusu likokotwe magurudumu yote manne yakiwa chini. Si kila gari huruhusu. Mengine huunguza gia. Kilichobaki ni vifaa.

Dwight alichagua chuma cha kuvutia, kile kinachoshikanisha gari na nyumba, kwa uzito wa gari tupu. Nikamwuliza, na baiskeli je, na masanduku? Akalipeleka mizanini likiwa limejaa, akarudi, akabadilisha chuma akachukua kinene zaidi. Nikaona mkwe wangu ana masikio. Ila kwenye breki tulikwama. Yeye alisema nyumba ina breki za kusimamisha vyote viwili. Mimi nikamwambia siku chuma kikichomoka mteremkoni, gari litashuka bila dereva, na wanangu wako mbele yake.

"Mama, wewe hata kitanda cha mtoto ungekitia breki," akasema.

"Ningekitia. Kinateleza."

Corinne akacheka, akasema kifaa cha breki za gari kinunuliwe tu, amechoka kutusikiliza. Basi wakanunua kisanduku kinachokaa ndani ya gari, mahali pa miguu ya dereva, na kukanyaga pedali kila nyumba inapofunga breki. Kina kamba nyembamba ya chuma, na kamba hiyo ndiyo niliyoitaka mimi. Upande mmoja umeshika pini kwenye pua ya gari, upande wa pili unafungwa mbele. Gari likiponyoka, kamba inachomoa pini, kisanduku kinakanyaga breki chenyewe.

Ijumaa asubuhi wakaunganisha. Hapa kambini mtu akiunganisha gari, majirani hutoka na viti vyao vya kukunja na vikombe vya kahawa kuja kutazama, lakini hakuna anayemsemesha. Hata salamu hungoja, kwa sababu anayesemeshwa huruka hatua. Dwight alikuwa amelala chini anakaza boliti, nami nikaona nisaidie. Nikaichukua ile kamba nikaifunga kwenye chuma cha kuvutia, mara mbili, nikaikaza. Moyo ukatulia.

Bi Mavis, jirani aliyekokota gari miaka ishirini na miwili, akaweka kikombe chini. Nilimwona akifungua mdomo, akaufumba. Kisha akasimama, akavunja mwiko.

"Bibie, hicho chuma kikichomoka kwenye nyumba, kamba itabaki na nani?"

Nikatazama. Kamba na chuma vingeondoka pamoja na gari. Hakuna ambacho kingeivuta pini. Gari lingeshuka mlima breki zake zimelala, na aliyezilaza ni mimi niliyezililia.

Nikasogea kando. Dwight hakunicheka. Aliifungua kamba, akaipeleka hadi kwenye fremu ya nyumba yenyewe, pale minyororo ya usalama inaponing'inia, akaacha ulegevu kidogo wa kukatia kona. Kisha akaniita.

"Vuta pini mwenyewe, mama. Usiniamini mimi."

Nikavuta. Ndani ya gari kisanduku kikaguna, kikakanyaga pedali. Dwight akasogeza nyumba mbele polepole, na magurudumu ya gari yakagoma kuzunguka, yakachora mistari kwenye changarawe. Mzee mmoja kitini akasema sasa tafuteni na breki ya kumsimamisha mama mkwe. Nilicheka kuliko wote. Pini tukairudisha mahali pake.

Jumamosi wakaondoka. Saa saba mchana Corinne akapiga simu: wameshafika chini, mtoto amelala mteremko mzima. Nikala pai tamu ya njugu za pekani iliyobaki, nimesimama hapohapo jikoni, bila sahani.

Basi iangalieni kamba hiyo, ifungwe kwenye nyumba. Na mkimwona mtu anakosea, semeni. Mavis aliniambia baadaye kwamba alikaribia kunyamaza kwa adabu. Siku hizi mtu akiunganisha, kiti changu huwa cha mbele, na adabu hiyo sina.